Mchi wa Pili

Treni ilipotoka Tabora, Recheli alijifunika khanga mpaka puani, kwa sababu abiria wawili waliokaa mbele yake walikuwa wakibishania albamu yake ya kwanza. Kurban, mwenye duka pale Isevya, alikuwa amepiga "Kinu cha Bibi", wimbo wa bibi anayetwanga unga wa harusi, kwenye simu kwa mara ya nne.

"Singo zote tatu ni nzuri, lakini hii ndiyo baba lao," alisema. "Dukani kwangu wateja wanacheza hadi wanasahau walichofuata."

"Sauti anayo, sikatai," alijibu Mektilda, mkulima wa Bukene aliyepakata ndoo ya asali. "Ila sikiliza huo mchi. Du, du, du, peke yake! Unga wa harusi hutwangwa na wawili wanaopokezana. Huyo bibi hakuwa hata na wifi?"

Recheli aliona aibu. Mchi ule ulitengenezwa kwa kompyuta, studio huko Dar, na hakuna aliyekumbuka wa pili.

"Mama, huu ni muziki, si unga," Kurban alibisha.

"Lete mkono!" Mektilda akaanza kupiga kifuniko cha ndoo. Kurban, bado anabisha, akaingiza pigo lake katikati. Behewa zima likadaka kiitikio. Recheli akawasha simu, akarekodi yote huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Breki zikalia Bukene. Mektilda akasimama, akamkazia macho. "Na wewe binti, acha kuchezea simu. Wa rika lako wanatoa albamu!"

"Nitajitahidi, mama," alisema Recheli, akampokea ndoo.