Binti Yuko "Stable"

Ndani ya basi la kutoka Mtera, mzee aliyekaa mbele yangu alimpa simu mwanafunzi aliyekuwa pembeni yake. "Nisomee, mjukuu wangu. Binti yangu kapasuliwa jana."

"Nesi ameandika yuko 'stable', babu." Kijana akafungua kamusi, akasita. "Hapa wanasema ni zizi la farasi."

"Zizini?" Mzee akashusha pumzi. "Basi amepona. Ng'ombe akishaingia zizini, fisi hamgusi."

"Hapana, babu, maana nyingine ni kutulia. Hajapona bado."

"Kwani zizini wanafanya nini, si wanatulia?"

Nikamkumbatia mwanangu niliyempakata; masomo yangu ya jioni ya Kiingereza hayajawahi kunipa tafsiri tamu hivyo. Basi likasimama hospitali. Mwanafunzi alikuwa anaendelea hadi chuoni, lakini akamshika mzee mkono, wakashuka wote wakibishana.