Pango la Uani kwa Nassibu

Kijiwe chetu cha Isevya kina benchi moja lenye mguu wa tofali, na kahawa ya Majidi ambayo hainyweki bila kashata. Jumatatu ile mvua ilikuwa imekatika baada ya siku tatu za mafuriko, na uani kwa Nassibu, fundi cherehani, ardhi ilikuwa imedidimia: shimo la mtu mzima kuzama wima, hatua kumi tu kutoka dirisha la mama yake. Nassibu alishakodi guta la kumhamisha mama alasiri ile. Mama mwenyewe, Bi Asmahani, alisema hatoki kwenye nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Alipokuja kukaa nasi benchini, tukaona tumsaidie kijana kwa ushauri, ingawa hakuna aliyetuomba.

Akaanza Shaban, tunayemwita Reli kwa kuwa alitengeneza njia ya treni miaka ishirini kati ya Tura na hapa.

— Hilo pango la watu wa misafara. Walificha pembe za ndovu humo, wakatoboa mpaka Ujiji ili wasiwalipe watemi hongo ya kupita njiani.

— Watoboe mpaka Ujiji, halafu mizigo wabebe juani?

Huyo ni Erasmus, jina la kijiweni Jiografia. Alirudia kidato cha nne mara mbili, kwa hiyo kila somo analijua mara tatu. Akatueleza, na nakiri alieleza vizuri, kwamba maji ya mvua yana uchachu kidogo. Yakipenya kwenye mawe ya chokaa yanayayeyusha taratibu, maelfu ya miaka, mpaka chini panabaki ukumbi.

— Na hapa kwetu kuna chokaa? nikamuuliza.

— Hamna. Majabali matupu. Lakini mafuriko haya nayo si ya kawaida.

Kwenye mafuriko hatukubishana. Kalavati tumeliziba kwa takataka zetu wenyewe, na mbuga iliyokuwa njia ya maji tumeijaza nyumba. Jambo lisilo na ubishi halinogi, tukarudi pangoni. Reli akasema maji yote yameingia humo, sasa chini yetu kuna ziwa. Jiografia akaongeza kwamba basi Isevya nzima inaelea.

— Ndiyo maana wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akamalizia Reli.

— Mzee, methali hiyo inaingiaje hapa? akauliza Jiografia.

— Si inataja maji?

Nassibu hakucheka. Macho yalikuwa mekundu. Siku mbili hajalala, anasikiliza kuta kama zinapasuka.

— Jamani, mama yangu analala pale.

Nikaona aibu, kusema kweli.

Hapo akafika Apolinaria, mpangaji mpya kutoka Kaliua, na chupa yake ya kujaziwa kahawa. Akatuamkia shikamoo, tukaitikia, akasikiliza huku Majidi akimimina.

— Kaka Nassibu, choo mnachotumia sasa ni cha ngapi?

— Cha tatu. Cha pili kilikuwa nyuma ya jiko.

— Na cha kwanza?

Benchi zima tukamgeukia Nassibu. Kila mtu mtaani anajua choo cha shimo kikijaa hufunikwa magogo na udongo, kikachimbwa kingine, na cha zamani kikasahaulika. Magogo yanaoza, mvua inamalizia. Nassibu alizaliwa akakuta cha pili. Akampigia mama yake simu, akaweka sauti kubwa.

— Mama, shikamoo. Choo cha kwanza kilikuwa wapi?

— Marahaba. Si hapo mlipozungushia kamba? Alikichimba marehemu baba yako mwaka ule tuliooana.

— Mbona hukusema?

— Uliniuliza? Wewe ulikuja na habari ya pango.

Nassibu akakaa chini kwenye tope, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Reli akasema alhamdulillahi.

— Basi mama, fungua mizigo. Guta litatuletea kifusi.

— Mizigo ipi, mwanangu? Mimi sikufunga kitu.