Fomu ya Shida Moja

Kijiwe cha Rufaa kipo Chikongola, nyuma ya maduka ya simu, na kiliitwa hivyo kwa sababu shauri likishindikana nyumbani, msikitini, kanisani na kwa mwenyekiti wa mtaa, huletwa hapa liharibike kabisa. Ni benchi moja la mninga, birika la Josephu muuza kahawa juu ya makaa, kashata kwenye sahani, na watu watatu ambao tangu wazaliwe hawajawahi kusema "sijui". Saidi huitwa Kangomba, kwa jinsi alivyokuwa akinunua korosho za watu kwa vipimo vyake mwenyewe. Danieli ni Noa, kwa gari lake la abiria lililotoka Japani na mpaka leo halijajua kwamba limefika Mtwara. Kasiani, karani mstaafu, huitwa Kifungu, maana hata akiomba kahawa hutaja kifungu cha sheria. Alasiri hiyo nani aje, kama si Mwalimu Gideoni wa Kijapani, simu mkononi, uso umemshuka.

— Vipi, Ticha, umefiwa? aliuliza Kangomba.

— Afadhali ningefiwa, ningejua la kufanya. Nina fomu.

Wakasogea upesi kumpisha. Fomu si jambo la kusimama nalo.

Gideoni, mtu wa Mbeya aliyeletwa kusini na ajira, ndiye mwalimu pekee wa Kijapani kuanzia Mikindani mpaka mtoni Ruvuma. Alijifunza chuoni, kikamwingia damuni. Sasa watoto hamsini wa sekondari kule Mtawanya humsalimia kwa kuinama, mpaka mkuu wa shule anahisi anadhihakiwa. Kila muhula ofisi ya ushauri kwa walimu wa lugha hiyo, iliyoko Dar, humtumia fomu yenye swali moja tu: shida yako ni ipi? Kisha mshauri, Bi Nakahara, humpigia simu. Mihula mitatu mfululizo Gideoni ameandika "Hakuna". Miaka kumi na moja ya ualimu imemfundisha kwamba ukiandika shida, wakubwa watakuuliza kwa nini unayo. Leo Bi Nakahara amemwandikia kwa adabu tele: mwalimu asiye na shida atapongezwa, kisha ataondolewa kwenye orodha ya wanaopigiwa simu, nafasi apewe mwenye shida. Mwisho saa kumi na moja.

— Yaani unafukuzwa kwa kufaulu? Noa alishangaa.

— Na sasa ni saa kumi na nusu. Nipeni shida, jamani, yoyote.

— Umefika penyewe, alisema Noa. Watoto wako hawasikii Kijapani, basi. Mimi kila nikiwasha gari kuna mama humo kwenye spika ananisemesha Kijapani. Miaka sita! Ananiombea dua ya safari, naitikia amina, tunaondoka. Andika: tunaomba Noa nane, watoto wapangwe saba saba.

— Huwa anasemaje huyo mama?

Noa alisafisha koo akamwigiza kwa sauti nyembamba. Gideoni alisikiliza, akamwonea huruma.

— Anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa.

— Barabara ipi?

— Ya kwao huko.

— Miaka sita ananisuta? Noa aliweka kikombe chini. Na mimi naitikia amina!

— Achaneni na magari, alidakia Kangomba. Ticha, herufi zao ngapi?

— Ukitaka kusoma gazeti, elfu mbili na ushee.

— Lahaula! Korosho yenyewe, inayolisha mkoa mzima, ina madaraja mawili tu. Waambie wazipange. Daraja la kwanza tufundishe, la pili wabaki nalo wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali ni ya kuongeza, si ya kupunguza, alisema Josephu.

— Wewe mimina kahawa.

Kifungu alikuwa bado hajasema, na kijiweni hapo Kifungu akichelewa kusema ujue balaa linapikwa.

— Kwa mujibu wa jua, alianza, sasa hivi Japani ni saa nne na nusu usiku. Wamelala. Mwalimu unafundisha watoto lugha ambayo wenyewe wamelala! Neno litashikaje? Andika: tunaomba Wajapani wasilale mapema.

— Taifa zima?

— Kwa zamu.

— Hapana, alisema Kangomba. Aliyelala usimwamshe. Tusogeze saa za Mtawanya mbele, saa sita nzima. Mtawanya tu, Chikongola tubaki na zetu.

— Sasa mtu akitoka Mtawanya asubuhi, Noa alihesabu vidoleni, si atafika hapa kabla hajaondoka?

— Ndiyo maendeleo hayo!

Mungu amsamehe Gideoni, alikuwa ameshaanza kuandika. Alikuwa amefika "tunaomba Mtawanya isogezwe" pale mama mmoja mwenye kapu la samaki wakavu aliposimama kuuliza gari za Kilambo, kwenye kivuko cha mpakani, zinapandiwa wapi. Akaambiwa dereva ndiye huyu, ila yumo kwenye kesi. Akakaa, akapewa kahawa, akasikiliza. Odete jina lake, kwao Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ameolewa Magomeni ya hapa hapa Mtwara.

— Samahani, mwalimu, alisema. Mimi hapa nimeletwa na ndoa. Nikimaliza miezi miwili sijavuka kwetu, Kireno kinanikaukia mdomoni, naanza kukiongea na kuku. Wewe Kijapani chako unaongea na nani?

— Na wanafunzi, alijibu Noa haraka.

— Wanafunzi wanamrudishia alichowapa. Nauliza kuongea.

Gideoni aliwaza. Mkewe, Anna, hajui zaidi ya salamu. Walimu wenzake humwita Samurai, wakacheka, basi. Aliyebaki ni Bi Nakahara, dakika ishirini kila muhula, na zote amezimaliza kwa kumwambia hali ni nzuri, hali ni nzuri sana. Alikuwa mpweke, tena mpweke wa lugha nzima, na hakuwahi kujua kwamba hilo nalo mtu anaweza kuliandika kwenye fomu.

Akafuta Mtawanya. Kabla hajaandika, saa kumi na moja ikatimia na simu ikaita: Bi Nakahara. Alisimama, akainama ingawa hamwoni, akaipokea. Alianza na neno moja la Kijapani, la pili likagoma, la tatu likafungulia mengine yote. Akaongea mikono ikiruka, akacheka peke yake, akafuta jicho kwa mkono wa shati, akaendelea. Kule stendi abiria wa Noa walikuwa wakipiga honi ya gari lake kwa hasira. Josephu aliinamisha birika, halikutoa hata tone. Hakuna aliyenyanyuka.

— Ameomba nini? Kangomba alinong'ona.

— Sijui, alisema Odete. Ila shida anayo. Huoni alivyofurahi?