Aliyesikia Watu Ndani ya Kanda: Papa Symphorien Katembo Anatuaga

Tarehe 30 Juni 2013, baada ya miaka thelathini na moja, Papa Symphorien Katembo anastaafu kazi ya kuongoza fanfari, bendi ya kupuliza, ya shule yetu ya Karuba. Ufunguo wa chumba cha muziki tayari tumekabidhiwa sisi, na kusema kweli bado hatujazoea kuuona mikononi mwetu.

Alifika kutoka Butembo Septemba 1982, juu ya lori la wafanyabiashara wa kwao, pamoja na mkewe Mama Blandine, sanduku moja la nguo na masanduku mawili ya kanda za redio. Mapadri walikuwa wameacha vyombo ishirini na vinne vya kupuliza: klarineti, tarumbeta, tromboni, hadi bombadoni, lile dubwana la sauti nzito linalomzunguka mpigaji mwili mzima. Hawakuacha hata karatasi moja ya noti. Mwenzetu hakulalamika. Alisema nyimbo zimo ndani ya kanda, kazi ni kuzitoa.

Namna yake ya kuchagua wimbo haikubadilika kamwe. Kila kanda ilisikilizwa mara tatu. Mara ya kwanza alisikiliza mikono ikiwa mfukoni, ili aone kama wimbo unamgusa. Mara ya tatu alishika kalamu na kuandika do, re, mi za kila chombo. Lakini mara ya pili ndiyo iliyokuwa yake peke yake: alitaja majina. Hakusema tromboni inaingia, alisema Sebahire anaingia. Hakusema tarumbeta imenyamaza, alisema Thierry anapumzika. Wimbo ambao hakusikia ndani yake watu wake wote ishirini na wanne aliurudisha sandukuni, hata ungekuwa mtamu kama asali ya Walikale.

Alikosea pia, na tusipolisema leo tutalisema lini? Mwaka 1987 alichagua wimbo mmoja wa polepole, mzito, wa kutoa machozi. Tulizika nao watu wa vijiji vitatu. Baadaye padri mmoja mgeni akatuambia kwamba huo ni wimbo wa mbio za baiskeli. Betri za redio yake zilikuwa zimechoka, na kuzianika juu ya bati hakukuzisaidia, kwa hiyo kanda ilikuwa ikijikokota. Papa Symphorien alitaka kuurekebisha, lakini wazee wa Karuba walikataa katakata. Marehemu wao walikuwa wamekwisha kuuzoea.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1996 Mama Blandine alirudi Butembo na watoto. Papa Symphorien alibaki kulinda vyombo, akasema ni kwa majuma mawili tu. Alivificha juu ya dari la jiko la shule na kuweka kitanda chake chini yake. Sebahire alikimbia na jamaa yake kupitia Ngungu, hatukupata habari zake tena. Thierry tulimzika wenyewe. Wengine waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akiahidi kurudi, hadi tukabaki watano.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Papa Symphorien hakukubali. Kwa miaka minane aliendelea kuchagua nyimbo za watu ishirini na wanne. Siku ya Pentekoste mwaka 2003, mbele ya kanisa zima, aligeukia mahali pa Sebahire, akainua mkono, akampa ishara ya kuingia, na akaendelea kuhesabu hadi sehemu yake ikaisha. Hakuna kilichosikika isipokuwa kikohozi cha waumini. Mama mmoja aliyekimbilia kambi ya Kitshanga alituambia mlangoni: “Muziki yenu inakosa meno, ba papa.” Tulicheka, lakini Papa Symphorien hakucheka. Alikuwa mpweke, sisi tulijua, na hatukujua la kufanya.

Mwaka uliofuata tulikuwa tumechoka kupuliza katikati ya kimya. Barua ya kujiuzulu ilikwisha kuandikwa na wanne kati yetu walikuwa wameitia sahihi. Ilibaki ya Verdiane, mpiga filimbi wetu. Yeye alisema tujaribu jambo moja kwanza. Alikuwa na binamu anayeuza redio Goma, akamwomba kanda yoyote ya kikundi kidogo cha wapulizaji. Ikaja moja isiyo na jina, ya watu watano tu. Alimpelekea Papa Symphorien kwa mikono miwili. Akajibiwa: “Batu batano haiko fanfari. Ni mabaki.” Kanda ikakaa juu ya meza majuma matatu, na barua ikakaa mkobani mwa Verdiane.

Alhamisi moja baada ya masomo Papa Symphorien alituita. Alisikiliza mara ya kwanza, mikono mfukoni. Akarudisha kanda mwanzo. Filimbi ilipoanza, aliinamisha sikio karibu na redio. Ndipo akasema: “Verdiane.” Klarineti ikaingia, akanitaja mimi, Colette. Akawataja Jean-Marie na Mamy. Sauti nzito ilipoingia chini kabisa alisema: “Marcellin.” Na Marcellin, baba wa watoto sita, akaitika kama mwanafunzi anayeitwa kwenye orodha: “Niko.”

Wimbo ulikwisha. Papa Symphorien aliizima redio na kutuangalia mmoja mmoja.

“Ba njo bote?” aliuliza, yaani, ndio hao wote?

“Njo siye, Papa,” Verdiane akamjibu.

Alilia mbele yetu, bila kujificha. Kisha akapangusa uso, akaomba kalamu.

Tangu siku ile alituchagulia nyimbo thelathini na nane za watu watano, zote kwa masikio yake. Tulizipuliza Kitshanga kambini, tulizipuliza Mushaki, na mwaka 2010 tukafika hadi Walikale kwenye arusi. Wajomba wa bibi arusi walipewa kanda tatu wachague, wakachagua ile ya mazishi yetu, safari hii redio ikiwa na betri mpya. Tuliangaliana tu. Tulipuliza mbio, bibi arusi akaingia akicheza, na hadi leo hakuna aliyewaambia.

Hata hivyo tusidanganyane, vyombo vingine kumi na tisa vilibaki vimefungwa. Wazazi waliomba wanafunzi wapewe, mkurugenzi aliomba. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, na Papa Symphorien aliwajibu wote kwamba mwenyewe akirudi atakikuta. Alivipaka mafuta kila mwezi. Likizo za kwenda kwa Mama Blandine alizikata nusu kwa ajili hiyo, na mama huyo anastahili shukrani zetu kuliko mtu mwingine yeyote.

Jumamosi iliyopita tulipomuuliza anataka zawadi gani, saa au mbuzi, aliomba maji ya moto na kitambaa. Alivishusha vyombo vyote uani, akakaa, akaanza kuzibandua plasta. Kila moja alisoma jina kwa sauti kabla ya kuitoa. Ile ya Sebahire ilimchukua muda, gundi ilikuwa imekauka. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Jumatatu wanafunzi wakaja kujiandikisha.

Papa Symphorien, asante kwa masikio yako, na utusamehe ile barua. Nenda salama Butembo, ukapumzike karibu na Mama Blandine, maisha yawe mema kwenu wawili. Na siku ukiulizwa na moyo wako ni nani anapuliza tromboni, tuandikie tu. Tutakujibu kwa jina.

Colette Bahati, mwalimu wa Kifaransa na mpiga klarineti