Fundi Aliyetengeneza Runinga kwa Mdomo

Mgeni rasmi, mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya hospitali, wodi hii inakusalimu ikiwa imelala. Si dharau. Kusimama kulitutoka siku tofauti, kila mmoja kwa ajali yake.

Madaktari wetu, masista, wahudumu, na ninyi ndugu zetu mliokaa kwenye mabenchi, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

MAKARIBISHO

Anayesoma mbele yako ni dereva wa lori, kitanda namba nne. Karatasi ameshikiwa na dada yake, kwa sababu vidole vyake bado vina ubishi. Sauti ni yake ila maneno ni yetu sote. Tuliombwa ukurasa mmoja wa shukrani kwa runinga mpya, na hapa ziko kurasa nne. Utuwie radhi. Mtu anayelala usiku na mchana hupata nafasi ya kukumbuka mengi.

Karibu sana. Tumeona boksi pale mlangoni. Ni kubwa kuliko dirisha letu, na tunashukuru kwa moyo mmoja.

HISTORIA YA WODI NA YA RUNINGA YETU

Wodi hii ina vitanda kumi na viwili vya wanaume waliovunjika shingo au mgongo. Yupo mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya tatu. Yupo mpagazi aliyeangukiwa na magunia. Wengine ni barabara tu, na barabara haina haja ya maelezo.

Runinga unayoiona ukutani ililetwa kutoka chumba cha mapumziko cha madaktari baada ya wao kupata nyingine. Ilifika imechoka. Watu walikuwa na nyuso nyekundu kama nyanya, na majani ya uwanjani yalikuwa ya kijani cha kuumiza macho. Picha ilikatwa pande zote, kwa hiyo matokeo ya mpira yaliyoandikwa kwenye kona hatukuyaona. Tulikuwa tunatazama mechi nzima huku tukibishana nani anaongoza.

Ndipo alipoletwa Fundi, kitanda namba sita.

Fundi alikuwa ametengeneza runinga miaka ishirini na miwili. Alipanda kwenye paa la mteja kunyoosha antena, bati likampasukia. Kuanzia shingoni kushuka chini hakuwa na kitu tena. Mikono iliyokuwa ikishika bisibisi ilikaa juu ya shuka kama mikono ya mtu mwingine. Wiki tatu hakusema neno ila kumjibu sista.

Mchana mmoja, taarifa ya habari ikiwa inaendelea, akasema, "Nani amewatesa hivi hao watu?"

Tukadhani anaota. Mwashi, ambaye mikono yake ni mizima na anatembelea kiti cha magurudumu, akamsogelea. "Watu gani, Fundi?"

"Hao wa kwenye runinga. Una rimoti?"

"Ninayo, ila kitufe cha menyu kimezama."

"Kibonyeze kwa mpini wa kijiko."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Fundi alikuwa akili, Mwashi mikono, na sisi wengine tulikuwa mdomo wa kuharibu. Fundi alituambia runinga haijafa, imeachwa tu kama ilivyotoka dukani, ikiwa imewekewa rangi za kuwaita wapita njia. Akamwagiza Mwashi atoke kwenye ile hali ya picha inayong'aa, aende kwenye hali ya sinema.

"Imekuwa ya manjano," Mwashi akasema. "Umeimaliza kabisa."

"Macho yako yamezoea uongo. Yape siku mbili."

Akamwambia ashushe ukali wa picha mpaka karibu na sifuri. Alisema ukali ule hauongezi kitu, unamchorea tu kila mtu mstari mweupe pembeni. Mwangaza akaupandisha polepole mpaka tukaona mikunjo kwenye suti nyeusi ya mtangazaji, akasema, "Basi, hapo hapo." Akazima kile kinacholainisha mwendo, kinachofanya filamu ionekane kama imepigwa na jirani. Mwisho akamwambia atafute ukubwa wa picha, aondoe ile ya kukuza, aweke picha kamili. Matokeo ya mechi yakatokea kwenye kona. Mpagazi akapiga kelele kwamba timu yake ilikuwa inafungwa siku zote hizo na hakuna aliyemwambia.

Sista wa zamu akatusaidia kugeuza runinga ilipe dirisha kisogo, mwanga usipige kwenye kioo. Siku ya tatu, tulipoona ngozi ya binadamu kuwa ngozi ya binadamu, hakuna aliyetaka kurudi kule kwenye nyanya.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio yetu makubwa yalitokana na gemu. Tunajua neno hilo mbele ya wakubwa linasikika kama la watu wasio na kazi. Tunaomba uvumilivu wako.

Dada yake Dereva, huyu aliyeshika karatasi, alituletea mashine ya gemu ya mpira iliyokuwa imetupwa kabatini nyumbani kwao. Tulipoichomeka ikawa mateso. Unabonyeza sasa hivi, mchezaji anapiga baadaye, mpira umeshapita. Tuliilaumu mashine, tukalaumu pedi ya kuchezea, tukalaumu vidole vyetu, ambavyo vimeshazoea lawama.

Fundi alitazama mechi moja tu. "Mashine ni nzima na vidole havina kosa," akasema. "Runinga inaipamba picha kabla ya kuwaonyesha. Wakati inapamba, mpira unaenda zake."

Runinga ya umri ule haina sehemu iliyoandikwa gemu. Lakini Fundi alijua njia ya uani. Alimwambia Mwashi ahamishe waya kwenye tundu la kwanza, kisha kwenye menyu alipe tundu lile jina la kompyuta. Runinga ikidhani imeunganishwa na kompyuta, huacha kujipamba. Akamwambia na mashine yenyewe aiweke kwenye kipimo cha picha ambacho runinga hiyo inakimudu, isipelekewe mzigo wa kuupunguza. Mwashi akabonyeza, na mchezaji akapiga pale pale.

Mtaalamu wa viungo alipoingia siku hiyo alikuta Dereva amefungiwa pedi kwenye paja kwa bendeji, akisukuma kile kishikio kwa kidole gumba ambacho kwa miezi mitano kilikuwa hakisogei kwa amri ya mtu yeyote. Alivuta kiti akakaa. Baadaye akaandika gemu kwenye ratiba ya mazoezi, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Leo Dereva anakula kwa kijiko chake mwenyewe. Wagonjwa wengine watatu wanafuata.

Fundi naye alicheza. Mwashi alimwekea pedi kifuani juu ya mto, naye akaendesha mchezaji kwa kidevu, Mwashi akibonyeza kila Fundi aliposema "sasa." Walifungwa mechi kumi na moja. Ya kumi na mbili, kidevu kikampita beki, Fundi akasema "sasa," na mpira ukaingia. Wenye mikono wakapiga makofi, wasio na mikono wakapiga kelele, na sista akaja mbio akidhani mtu ameanguka kitandani. Fundi alikuwa analia na hawezi kujifuta. Sista akamfuta, na akajifuta na yeye.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, mtu asiyesikia mwili wake hajui kwamba amelalia upande mmoja mno. Ngozi inakufa kimya kimya. Kwa hiyo mgonjwa wa wodi hii anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na masista wametufundisha hesabu hiyo tukaijua kuliko sala zetu.

Zamani tulikuwa na wahudumu wanne kwa zamu. Mwaka jana ulifika waraka kutoka ofisi yako, tukabaki na mmoja, anayehudumia wodi hii na ya jirani. Hatuna shaka waraka ulikuwa na sababu zake. Tunaeleza tu kilichofuata.

Saa mbili zikawa nne, kisha sita. Mhudumu wetu hakai hata dakika. Tumemwona akila mkate huku anasukuma kitanda. Yeye hana kosa, na tunaomba asiulizwe lolote kwa sababu ya risala hii.

Fundi alipata alama nyekundu juu ya makalio, ukubwa wa kifungo cha shati. Sista aliiona na kuiandika. Kulikuwa na godoro la hewa, lile linalojipuliza na kujishusha lenyewe, ila pampu yake ilikuwa haifanyi kazi. Fundi alimwelekeza Mwashi akaifungua, na ndani yake wakakuta kipande cha mpira kimepasuka, kipande kisichozidi ukubwa wa ukucha. Fomu ya kuomba kipande ikajazwa. Ikaenda stoo. Stoo wakasema inasubiri sahihi.

Mke wa Fundi, shemeji yetu, alikuwa anakuja kila siku saa ya kutazama wagonjwa. Alijifunza kumgeuza mume wake vizuri kuliko sisi tulivyojifunza kugeuzwa. Lakini saa ya kutazama ni moja tu, na kanuni hairuhusu mwanamke kukaa wodi ya wanaume baada ya kengele. Alimwomba mlinzi mbele yetu. "Nikae hapa pembeni tu," alisema. "Sitaongea na mtu. Nimgeuze mume wangu, nitoke." Mlinzi alitazama chini, akasema kanuni si yake.

Mwashi alijaribu. Alisogeza kiti chake, akamshika Fundi begani na kiunoni, akavuta. Kiti kikateleza na yeye akaanguka, akavunjika kidole cha mkono. Fundi akamwambia, "Usirudie tena. Mikono yako ndiyo niliyobaki nayo."

Kifungo kikawa kikombe. Tunaomba radhi kwa walioko hapa ambao wamekula: mwishowe ngumi ingeingia kwenye kidonda. Ikaja homa. Siku zile Fundi aliomba runinga izimwe, mwanga ulimsumbua, na sisi tukaiacha imezimwa wodi nzima bila mtu kunung'unika. Jumanne, wakati wa chai ya asubuhi, siku ya kumi na mbili ya homa, alifariki. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Ameacha mke na watoto wawili wa kike.

Fomu ya kipande cha mpira ilirudi Ijumaa. Ilikuwa imesainiwa.

MAOMBI

Kwanza, wahudumu. Hatuombi wanne. Ukitupa wawili tutakuombea dua kila siku.

Pili, ndugu zetu waruhusiwe kubaki na kutugeuza. Watu wazima kumi na wawili tusioweza kusimama hatumtishi mke wa mtu.

Tatu, vipuri vya pampu visisubiri sahihi. Magodoro manne ya hewa yamelala stoo yakisubiri kama alivyosubiri mwenzetu.

Nne, na hili tumelijadili kwa muda mrefu, kwa sababu hatutaki kukuvunjia heshima mbele ya kamera. Runinga mpya tunaomba ifungwe kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, ambako kina mama wanakaa na watoto tangu alfajiri wakitazama ukuta. Sisi hii ya zamani inatutosha. Fundi aliiacha sawa. Mwashi ameandika vipimo vyote kwenye kadibodi na kuibandika nyuma yake, ili atakayekuja kufanya usafi asiguse kitu.

HITIMISHO

Kitanda namba sita sasa kina karani wa posta. Aliingia wiki tatu zilizopita na vidole vyake viwili vimeanza kusogea. Alhamisi sista alimkuta na alama nyekundu juu ya makalio.

Leo Karani aligeuzwa mara ya mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Kwa ratiba tuliyopewa, risala hii inasomwa saa nne na nusu. Mhudumu wetu ni yule kijana mwenye koti la bluu, pale karibu na boksi. Ameambiwa asimame ashike sinia lenye mkasi wa kukatia utepe, na hawezi kuondoka bila ruhusa yako.

Kumgeuza Karani kunachukua dakika nne. Tunaomba mtu mwingine ashike sinia.

Mungu akulindie mgongo wako, mheshimiwa, na migongo ya watoto wako. Awape nguvu wanaotuhudumia, na amlaze mwenzetu mahali ambapo hakuna anayehitaji kugeuzwa.

Ni sisi, wagonjwa wa Wodi ya Uti wa Mgongo, vitanda kumi na viwili. Watano tumesaini kwa kalamu, sita kwa dole gumba tuliloshikiwa, na Karani amesaini kwa kalamu iliyoshikwa kwa meno.