Mashine ya Kufikiri na Samaki wa Lokandu

Tangu safari ilipoanza kijijini Lokandu, mama mmoja muuza samaki alikuwa akiapa kwamba samaki wake wametoka majini asubuhi ileile, na abiria mwenzake, Mwamini, alikwisha kununua wawili. Mtumbwi wa mota ulipoikaribia Kindu, mwalimu mmoja aliinua gazeti lake akawaeleza abiria: "Wazungu wametengeneza mashine ya kufikiri. Itafikiri kwa niaba ya watu wote, nao watatii tu."

"Mwalimu, hiyo haiko kitu mupya," muuza samaki akamjibu. "Sisi tuko nayo tangu zamani."

Watu wakacheka, mpaka bwana mmoja wa Chama tawala, ndani ya suti yake ya abakosti iliyopigwa pasi, alipogeuka taratibu. "Mama, nini haiko mupya?"

"Ni samaki yangu, ndugu citoyen. Iko ya juzi."

Mtumbwi ukagota ukingoni. Mwamini akainama, akanusa kikapu chake.