Dafroza Mligo na Alhamisi za Makambako

Tarehe 30 Juni 1996, Muuguzi Dafroza Mligo wa Yakobi anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kamati ya sherehe imeomba wasifu uwe mfupi na wa kufurahisha. Mfupi utakuwa.

Alianza Machi 1965 kwa kuosha chupa na kukunja pamba, akapanda hadi msimamizi wa wodi ya upasuaji. Watumishi wapya walimwogopa wiki mbili za mwanzo, kisha wakamwogopa zaidi. Aliyefunga bendeji ikalegea aliulizwa mbele ya wagonjwa wote: "Mwanangu, hiki ni kilemba au skafu? Fungua, anza upya, vidoleni!"

Kuanzia vidoleni kupanda juu, na ibane. Hiyo ndiyo dini yake ya pili. Mtu aliyepasuliwa mishipa iliyovimba miguuni hutakiwa afungwe hivyo, halafu atembee kila siku ili damu isigande. Mnamo 1988 sisi tulikuwa na dawa nyingine: mhuri. Kila aliyetoka wodini cheti chake kiligongwa APUMZIKE SIKU 21, awe kapasuliwa mguu, jipu au ngiri.

Mwaka huo aliruhusiwa Abdulaziz, dereva wa lori wa Makambako, aliyepasuliwa mishipa ya mguu. Mkewe Mwanaheri, muuza mitumba, aliutii ule mhuri kuliko tunavyotii sisi kengele ya saa moja na nusu. Alimlaza mumewe, akampelekea uji kitandani, akampelekea na ndoo. Siku ya kumi na saba Abdulaziz aliinuka kwenda kuswali Ijumaa, akaanguka mlangoni. Bonge la damu lilikuwa limetoka mguuni likapanda kifuani.

Dafroza alikwenda msibani. Akamwuliza mjane, kwa sauti ya chini, kama marehemu alikuwa akitembea.

"Atembee wapi, dada, nanyi mmeandika apumzike? Viatu vyake nilivifungia kabatini."

Aliporudi hakuvua hata koti. Aliingia ofisini kwa Katibu wa Hospitali, Bwana Kornelio, akachukua mhuri mezani na kulikwangua lile neno la kwanza kwa kisu cha upasuaji. Tangu siku hiyo mhuri ulisema SIKU 21 tu, na Dafroza alijaza mwenyewe kwa kalamu: ATEMBEE. Bwana Kornelio alimwandikia barua ya onyo kwa kuharibu mali ya hospitali. Barua hiyo imo kwenye faili lake hadi leo, safi, ina namba ya kumbukumbu. Kuhusu Abdulaziz hakuna faili lililoandikwa hata mstari mmoja.

Februari 1989 Dafroza alianza kwenda Makambako kila Alhamisi kuwafuata wagonjwa walikoishi. Baraza la kufanyia kazi alilitoa Mwanaheri, mjane yule yule, na kuhusu kusamehe hakuna wa kumfundisha. Bendeji zilifunguliwa, vidonda vikakaguliwa, mashavu ya miguu yakabonyezwa, bendeji zikafungwa tena. Kisha wote wakaamriwa kwenda sokoni na kurudi. Aliyechelewa kurudi aliulizwa alikaa kwa nani.

Bendeji zilipoadimika, mitumba ikatuokoa. Ndani ya marobota ya Ulaya mlikuwa na soksi ndefu za kubana, za wazee wa huko, na kina mama wa Kitandililo walizinunua za kuvaa shambani wakati wa baridi. Mwanaheri akaanza kuziweka kando. Jozi kamili ilikuwa bahati, kwa hiyo Makambako ukimwona mtu mzima kavaa soksi moja ya kahawia na nyingine nyeupe, usimcheke. Huyo ni mgonjwa wa Dafroza, na yuko hai. Kwa miaka saba hakuna mgonjwa wa Alhamisi aliyezikwa kwa bonge la damu.

Mwaka jana daktari mgeni alitusimulia kwamba huko kwao wameanza kutibu mishipa midogo kwa mwanga wa leza, bila kisu. Tulipiga makofi. Dafroza aliuliza: "Na huo mwanga ukizimwa, mguu unafungwa na nani?" Daktari alicheka. Yeye hakucheka.

Sasa barua ya pili ya Bwana Kornelio, ya tarehe 3 mwezi huu. Aya ya kwanza inamshukuru Dafroza kwa utumishi uliotukuka. Aya ya pili inasema huduma ya Alhamisi inakoma naye, na kwamba wagonjwa "watajifuatilia wenyewe". Tumeisoma mara nyingi tukidhani ni kosa la taipu. Bei zimeachiwa huru, mabasi yameachiwa huru, leo na mishipa ya watu imeachiwa huru. Mgonjwa ajifuatilie! Abdulaziz alijifuatilia mpaka mlangoni.

Kuna watu tisa ambao bado wana bendeji zetu miguuni. Zamu yao ya kufunguliwa ni Alhamisi, tarehe 4 Julai. Muuguzi Germana amefundishwa na Dafroza kwa miaka miwili, na mkono wake haulegezi. Kinachokosekana ni sahihi moja kwenye fomu yake ya safari, ambayo iko mezani kwa Bwana Kornelio chini ya ratiba ya sherehe hii. Leo Katibu atapanda jukwaani kukabidhi blanketi. Tunaamini kalamu anayo.

Mama Dafroza, asante kwa ukali wako. Wako watu wanaotembea kwa sababu ya ukali huo. Mungu akupe afya tele na miaka mirefu pale Yakobi, viazi vikubali, wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Na usiwe na wasiwasi. Tarehe 4, saa tatu asubuhi, Germana atakuwa barazani kwa Mwanaheri. Fomu ikisainiwa, atakwenda na gari la hospitali. Isiposainiwa, atapanda basi la saa kumi na mbili, na kazi zake za wodini siku hiyo tumeshagawana.